Fundi Anayepima Kwanza

Mashine ndogo ya leza ya bei nafuu, ile ambayo walio nayo duniani kote huiita K40, ilitengenezwa China kwa ajili ya kuchonga mihuri. Ukiufungua mfuniko wake, mahali ambapo ungetarajia meza ya kukatia mbao unakuta kibanio kidogo chenye springi, cha kushikia kipande cha mpira. Wapenzi wa ufundi wa Ulaya na Marekani waliinunua kwa sababu ni rahisi, wakaigeuza iwe ya kukata plaiwudi na akriliki, na jambo la kwanza ambalo wengi wao hufanya ni kukifungua kibanio hicho na kukitupa. Huku Karagwe, mkoani Kagera, kibanio kina kazi. Chama cha msingi cha kahawa kina mhuri, ofisi ya kijiji ina mhuri, shule, zahanati, kanisa, kikundi cha kuweka na kukopa, kila mmoja na wake, na karatasi ya kuuziana shamba isiyogongwa mhuri haina wa kuiamini.

Kwa hiyo si ajabu kuikuta mashine hiyo Ihanda, hapa hapa Karagwe, juu ya meza ya fundi aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutengeneza redio na televisheni. Kilichonifanya nikae pale ni namna anavyofanya kazi. Nimeona mafundi wengi wenye mikono mizuri. Huyu ana kitu cha zaidi: anajua kutafuta, na anatafuta kwa utaratibu ambao ningependa uelezwe taratibu, kwa sababu mteja aliyesimama mlangoni hauoni.

Aliyeileta mashine alikuwa dada mwenye duka la steshenari. Alikuja nayo juu ya pikipiki, imefungwa kwa mpira nyuma ya dereva.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ina nini?"

"Imekufa. Nimeambiwa tyubu imeisha, ninunue nyingine."

"Ilikufa ghafla, au ilianza kuchoka?"

Dada akafikiri. Ilianza kuchoka, akasema. Upande wa kushoto ilikuwa inachonga vizuri, kulia inafifia. Kisha hata kushoto ikafifia. Sasa inapita juu ya mpira bila kuacha alama ya maana.

"Basi usinunue kitu kwanza," fundi akamwambia, akavuta kiti.

Nataka tulitazame swali lake lile moja. Mashine ya leza inayokufa ghafla, leo inakata na kesho kimya, kwa kawaida imeharibika upande wa umeme: fyuzi, swichi, pawa saplai. Inayofifia kadiri muda unavyokwenda, asubuhi nzuri na saa sita mbaya, ina shida ya maji ya kupooza au tyubu yenyewe inazeeka. Inayofifia kwa mahali, kona moja nzuri na nyingine mbaya, ina shida ya vioo. Kabla hajagusa bisibisi, fundi alikuwa ameshaigawa mashine sehemu tatu na kujua ni wapi pa kuanzia. Hakuamini jibu la dada moja kwa moja. Alilichukua kama dokezo, akaenda kulipima.

Ili kufuata alichofanya ni lazima kuijua njia ya mwanga. Nyuma ya mashine, katika chumba chake, imelala tyubu ya kioo yenye urefu wa sentimita 70 hivi. Ina kuta tatu, moja ndani ya nyingine: ndani kabisa gesi inapopitishwa umeme, kisha koti la maji ya kupooza, na nje akiba ya gesi. Gesi yenyewe ni mchanganyiko wa kaboni dayoksaidi, naitrojeni na heli. Leza ya aina hii ilibuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs, Marekani. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa maikromita 10.6. Jicho la mwanadamu haliuoni kabisa. Ule mng'ao wa zambarau unaoonekana ndani ya tyubu ni wa gesi iliyowashwa na umeme. Mwanga unaokata hutoka kwenye ncha ya tyubu gizani, bila rangi, na ukikugusa ndipo unajua kwamba ulikuwapo.

Mwanga huo unakipiga kioo cha kwanza, kilichofungwa mahali pamoja kwenye kona ya nyuma. Kinaugeuza kuelekea mbele ya mashine hadi kioo cha pili, ambacho kiko kwenye ncha ya mhimili na husafiri nao mbele na nyuma. Kioo cha pili kinautupa kulia hadi kioo cha tatu, kilicho juu ya kichwa kinachokimbia kushoto na kulia. Hicho nacho kinauangusha chini kupitia lenzi ya milimita 12, ambayo inaukusanya uwe nukta moja kali. Vioo vitatu na lenzi moja, na viwili kati ya hivyo vioo havitulii mahali pamoja. Kasoro ndogo ya pembe kwenye kioo cha kwanza inakuwa kubwa kila hatua inayofuata.

Fundi alianza juu kabisa, kwenye chanzo, kama mtu anayefuata mfereji kutoka chemchemi kabla ya kulaumu bomba la jirani. Alichomeka waya, akaangalia kwanza kama mashine ina arthi. Haikuwa nayo, waya wa arthi ulikuwa umekatwa ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Hapo akasimama. Hakuendelea mpaka alipounganisha waya mpya kutoka kwenye skrubu iliyo nyuma ya sanduku hadi kwenye fimbo ya shaba iliyochomekwa ardhini nje ya kibanda chake. Dada alikuwa akitazama saa. Fundi hakuitazama.

Kisha akaweka mbao mbele ya kioo cha kwanza ili mwanga usiende mbali, akafunga mfuniko, akabonyeza kitufe cha kujaribia. Mshale wa mita ya miliampia ukapanda hadi 10, ukatulia. Akaitikia kwa kichwa. Kwake mshale ule ulikuwa umeshajibu mambo mawili: pawa saplai inatoa umeme, na tyubu inaupitisha. Akabonyeza tena, safari hii akiitazama tyubu kupitia upenyo. Mng'ao ulikuwa wa waridi uliochanganyika na zambarau, mstari mmoja uliojaa kutoka ncha hadi ncha. Tyubu ambayo gesi yake imechakaa hupauka, ikawa na weupe kama wa kijivu, na mstari wake hucheza.

"Tyubu yako nzima," akasema.

Dada aliyekuwa amekuja na habari za kununua tyubu hakusema kitu kwa muda. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300 za barabara. Kampala ni karibu zaidi, lakini kati yetu na Kampala kuna mpaka. Tyubu ya kioo inayosafirishwa hivyo hupita mikono mingi, na inaweza kufika imepasuka. Kumwambia mtu wa Ihanda anunue tyubu bila kuupima mng'ao wake ni kumtwisha mzigo ambao pengine si wake.

Sasa likaja jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa ufundi huu. Fundi alichukua tepu ya karatasi, ile nyeupe ya wapaka rangi, akakata kipande na kukibandika mbele ya kioo cha pili. Akausukuma mhimili nyuma kabisa, karibu na kioo cha kwanza. Akafunga mfuniko, akabonyeza kitufe kwa kitambo kifupi sana. Akafungua: kwenye tepu kulikuwa na nukta ya kahawia, ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Akausukuma mhimili mbele kabisa, mbali na kioo cha kwanza, bila kuondoa tepu. Akafunga, akabonyeza. Nukta ya pili ikaangukia juu ya ya kwanza sawasawa, ungesema ni moja. Kioo cha kwanza hakina kosa. Akakiacha. Nilipenda kwamba alikiacha. Mikono isiyo na subira ingezungusha skrubu zake kidogo "ili kuboresha", na kuanzia hapo kazi yote ingekuwa bahati nasibu.

Akahamisha tepu hadi kwenye tundu linaloingiza mwanga kwenye kioo cha tatu, akakivuta kichwa kushoto, karibu. Nukta ikakaa katikati ya tundu. Akakisukuma kulia kabisa, mbali. Nukta ikahama: ilikuwa chini, ukingoni, nusu yake imekatwa na mdomo wa tundu. Hapo ndipo mwanga ulipokuwa ukipotea. Kushoto ulikuwa ukiingia wote, kulia nusu, na dada alikuwa amelisema hilo hilo kwa maneno yake mwenyewe alipofika mlangoni.

Nyuma ya kioo cha pili kuna skrubu tatu zenye springi, na kila moja ina nati ya kuikaza isihame. Fundi akazigusa nati kwa ncha ya kidole. Moja ikazunguka bila spana. Mashine ilikuwa imesafirishwa kwa pikipiki zaidi ya mara moja, dada alieleza. Alikuwa akiihamisha kati ya duka na nyumbani. Mtikisiko ulilegeza nati, na skrubu ikaanza kujirudisha yenyewe, kidogo kidogo.

Wengi hukosea katika kurekebisha, na wanaokosea si wavivu. Mtu anaiona nukta ya mbali imekaa pembeni, anazungusha skrubu mpaka ifike katikati ya tundu, anafurahi. Kisha anarudisha kichwa karibu, anakuta nukta ya karibu imehama. Anarekebisha ya karibu, ya mbali inaharibika. Anaweza kuzunguka hivyo hadi usiku. Fundi hakulenga katikati. Alilenga nukta ya mbali iangukie juu ya nukta ya karibu, popote ilipo. Nukta mbili zikikutana, maana yake mwanga unakwenda sambamba na mhimili, na hautahama kichwa kikisafiri. Kama baada ya hapo nukta hiyo moja haiko katikati, kinachosogezwa ni kishikio kizima cha kioo, na skrubu za pembe haziguswi tena. Pembe kwanza, mahali baadaye. Ni sheria fupi ya jometria, na alikuwa ameifikia kwa mikono, kwa kuharibu tepu nyingi.

Alizungusha skrubu robo ya mzunguko. Tepu mpya, karibu, mbali. Nukta zilikaribiana. Nusu ya robo. Tepu mpya. Alirudia hivyo mpaka kipande cha tepu kilipotoka na nukta moja tu, nyeusi kuliko zote kwa sababu ilikuwa imepigwa mara mbili. Akakaza nati, akapima tena baada ya kukaza, kwa kuwa kukaza kwenyewe kunaweza kuhamisha. Vipande vilivyotumika alivipanga pembeni ya meza kwa mfuatano wake, na mtu aliyejua kuvisoma angeiona kazi nzima pale.

Lenzi ilikuwa habari nyingine. Mhuri wa leza huchongwa kwa kuuchoma mpira unaozunguka herufi ili herufi zibaki juu, na mpira unapochomwa hutoa vumbi laini linalonata kila mahali. Mashine hii ina bomba jembamba la hewa la kupuliza vumbi hilo mbali na lenzi. Bomba la dada lilikuwa limechomoka na hakuna aliyejua lini. Lenzi ilitoka ikiwa na utando wa kahawia upande wa chini. Utando unapofyonza mwanga badala ya kuupitisha, lenzi hupata joto, na ikipata joto la kutosha hupasuka. Hii ilikuwa bado. Fundi aliiloweka kwa spiriti, akaipangusa kwa pamba mara moja kwa upande mmoja, akaitupa pamba ile, akachukua nyingine. Hakusugua. Lenzi hizi hutengenezwa kwa zinki selenidi, kitu laini chenye rangi ya manjano iliyokolea, na punje moja ya mchanga chini ya pamba inatosha kuikwaruza. Ikivunjika, vumbi lake ni sumu. Vipande huokotwa kwa glavu.

Kabla ya kuirudisha aliinua lenzi kuelekea dirishani, akaitazama pande zote mbili kutafuta upande wa mbonyeo. Upande huo hukaa juu, ukielekea mwanga unakotoka. Ikipinduliwa bado itakata, lakini nukta yake inapanuka na mhuri unatoka na herufi zenye kingo za uvivu. Kisha akapima umbali. Hakuwa na kifaa chochote cha pekee: aliegemeza kipande cha plaiwudi kwa mshazari ndani ya mashine, upande mmoja juu, mwingine chini, akachoma mstari mmoja kwa urefu wake wote. Mstari ulianza mnene, ukakonda, ukanenepa tena. Pale ulipokonda kuliko pote, alipima kwa rula hadi kwenye lenzi, akapata inchi 2, ndio umbali wa lenzi hii kwa vitabu, milimita 50.8. Huo ndio urefu aliouwekea mpira.

Mashine ikachonga, kushoto na kulia, herufi kali. Dada akafungua pochi. Fundi akamwambia asubiri, iendelee kufanya kazi.

Nilitamani kila fundi nchini aone subira ile. Baada ya muda mita ilikuwa bado inasoma 10, lakini mistari ilianza kupauka. Kulikuwa na tatizo la pili, lililokuwa limejificha nyuma ya la kwanza. Fundi alitumbukiza kidole kwenye ndoo ya maji, akiwa ameshachomoa waya ukutani. Maji yalikuwa vuguvugu. Tyubu ya aina hii hupenda maji ya kati ya nyuzi 15 na 25. Yakizidi hapo nguvu inashuka, na yakizidi sana kioo kinaweza kupasuka. Karagwe ni nchi ya juu na ya baridi. Ndoo ya lita 20 kivulini ingemtosha dada asubuhi nzima, wakati wenzake wa Dar es Salaam wanaongeza chupa za barafu. Kwa nini basi maji yalipata joto? Alifuata bomba kutoka kwenye pampu, akakuta limekunjwa chini ya sanduku, na ndani ya pampu ndogo kulikuwa na ute wa kijani. Maji yalikuwa yakipita kwa shida. Na yalikuwa maji ya kisima.

Hilo la kisima alilichukulia kwa uzito kuliko kukunjika kwa bomba. Maji yenye madini hupitisha umeme, na ndani ya tyubu kuna umeme unaoweza kufika volti 20,000 wakati wa kuwaka. Sehemu yake ikipata njia kwenye maji, nguvu inapotea, pampu inakufa, na mtu anayeweka mkono kwenye ndoo anaweza asiutoe. Alimwaga yote, akasafisha pampu, akajaza maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri yasiyo na asidi, kisha akaiinua mashine upande mmoja hadi kiputo cha mwisho cha hewa kikatoka kwenye tyubu. Kiputo kinachobaki karibu na ncha ya moto huacha sehemu ya kioo bila maji, na hapo ndipo kioo hupasukia.

Siku ile pawa saplai haikuwa na kosa, lakini huwezi kuzungumzia fundi huyu bila kuigusa. Ndani ya sanduku la umeme la mashine hizi kuna transfoma ya kupandisha volti, na ndiyo sehemu inayokufa mara nyingi zaidi. Kila fundi wa televisheni za kichogo anaifahamu nduguye: flaibaki, iliyokuwa ikizalisha volti 25,000 hivi kwa ajili ya kioo kikubwa cha rangi. Televisheni bapa zilipoingia, ujuzi wa flaibaki ulionekana umekwisha kazi. Kumbe ulikuwa unasubiri. Fundi wa Ihanda anajua sauti ya umeme unaovuja, ule mlio kama wa mafuta kwenye kikaango. Anajua kuzima taa za kibanda na kutafuta mwanga wa buluu hafifu pale insulesheni ilipochoka. Anajua kuchomoa waya, kusubiri, kisha kuufikishia arthi umeme uliobaki kwa kijiti chenye waya, kabla ya kugusa chochote. Na anapolazimika kupima kitu chenye umeme, mkono wake wa kushoto huenda nyuma ya mgongo wenyewe, ili umeme ukimkamata usipate njia ya kupita kifuani. Aliuzoeza hivyo tangu enzi za televisheni.

Umeme wetu wenyewe unamfunza. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulitegemea umeme unaotoka Uganda, na hata sasa, pamoja na kituo cha Kikagati–Murongo cha megawati 14 kilichojengwa kwenye mto Kagera mpakani na Uganda, mtu mwenye mashine nyeti hathubutu kuiwasha bila stabilaiza. Wala ufundi wa umeme haukuanza jana hapa. Katika miaka ya 1990 shirika la KARADEA lilikuwa na kituo cha kufundishia mafundi wa umeme wa jua Karagwe, wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi ilikuwa haijawahi kuona paneli.

Ukirudi nyuma zaidi kuna chuma. Watawala wa Karagwe walihusishwa na uhunzi, na hazina yao ya Bweranyange ilikuwa na nyundo za kifalme na sanamu ndogo za ng'ombe za chuma. Upande wa ziwa, mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti uliowaonyesha wasomi wa dunia jinsi wazee wa Kihaya walivyoyeyusha chuma kwa tanuri zilizopashwa hewa moto, teknolojia yenye mizizi ya zaidi ya miaka 1,500. Wazee wale walikuwa wameacha kazi hiyo kwa miongo mingi, na walipoombwa waliijenga tanuri upya kwa kumbukumbu. Sidai kwamba fundi wetu amerithi kitu kutoka kwao. Nasema tu kwamba kuuongoza moto usioonekana ndani ya chombo, kwa kuusoma kupitia rangi na sauti, si kazi ngeni katika mkoa huu.

Watu huidharau K40 kwa kuwa ni ya bei nafuu. Mimi naona bei yake imepunguzwa mahali mahususi. Kiwanda hakikupoteza muda kupanga vioo kwa makini, hakikuweka swichi ya kuzima mwanga mfuniko ukifunguliwa, hakikuhangaika na arthi. Kazi hiyo haikufutwa. Imeachwa imfikie mnunuzi, na mnunuzi asiye na fundi hukaa na sanduku la bati. Siku ile fundi aliongeza swichi ya mfuniko, ndogo, aliyoitoa kwenye maikrowevu mbovu, bila kuombwa. Alimwambia dada mambo mawili tu ya kukumbuka: asichome kamwe plastiki ya PVC, kwa sababu moshi wake una sumu ya klorini inayoharibu mapafu na kuitia mashine kutu, na mashine isihame tena kwa pikipiki.

Kisha likaja suala la malipo, nami nalileta hapa kwa makusudi. Dada aliuliza amebadilisha nini. Fundi akajibu kwa ukweli: hakuna, isipokuwa maji, waya wa arthi, na ile swichi ya mfuniko. Na hapo niliona uso wa mteja ukibadilika, kama nilivyouona kwenye vibanda vingi, Kayanga, Omurushaka, Bukoba, Mwanza. Tumezoea kulipia kifaa. Fundi anayekuwekea tyubu usiyoihitaji anakuonyesha lile boksi tupu, unalipa bila kuuliza. Fundi anayekuokoa na gharama hiyo kwa kuharibu nusu rola ya tepu anaonekana hakufanya kitu. Matokeo yake tunawafundisha mafundi wetu kuacha kupima na kuanza kuuza.

Dada alilipa, baada ya kuonyeshwa vile vipande vya tepu kimoja baada ya kingine. Si kila mteja ataonyeshwa, na hapaswi kungoja kuonyeshwa. Ukipeleka mashine, redio, simu au betri ya sola kwa fundi, mwulize bei ya kuchunguza kabla hajaanza, mkubaliane, na ulipe bei hiyo hata akikurudishia kitu chako bila kipuri kipya ndani yake.